Shajara ya mradi: elementi adimu za ardhi katika pegmatiti ya Uluguru na naisi inayoizunguka

Shajara hii inaandikwa ili mwingine mwenye nyundo, daftari na fedha kidogo aweze kuifuata kazi hii, au kuirudia kwenye pegmatiti nyingine. Hatua za kawaida nimezifupisha. Makosa nimeyaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yaliyokula muda na fedha. Vipimo vyote vya elementi ni sehemu kwa milioni kwa uzito, isipokuwa pale ninaposema vinginevyo.

17 Juni 2023: Mahali na swali

Pegmatiti niliyoichagua iko kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, katika eneo ambalo ulanga mweupe (muskoviti) ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani na kuendelea wakati wa Waingereza. Ni mwamba wa jamii ya itale wenye fuwele kubwa kupita kiasi, unene wake ukiwa kama mita 4, nao umeikata naisi yenye ganeti na ulanga mweusi. Naisi hiyo ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, ukanda wa miamba ya kale unaopita Afrika Mashariki, na iligeuzwa na joto na shinikizo kubwa yapata miaka milioni 640 iliyopita. Mashimo ya zamani yameacha kuta safi pande zote mbili, kiasi kwamba mtu anaweza kusimama na kugusa mpaka wa miamba hiyo miwili kwa kiganja.

Mzee mmoja aliyewahi kuchimba hapo ndiye aliyenionyesha mpangilio wake kabla sijafungua ramani. Alisema, "Ulanga mzuri hukaa pembeni, mwanangu. Ukienda katikati utakuta jiwe jeupe tu, nalo halina mnunuzi." Alikuwa sahihi kabisa. Pembeni kuna ulanga, kwatzi na punje nyekundu za ganeti. Kinafuata kitalu cha feldspa, ambamo fuwele moja inaweza kufika sentimita 30. Katikati ni kiini cha kwatzi tupu.

Swali langu ni moja. Elementi adimu za ardhi zilizomo ndani ya pegmatiti hii zilikuja zote na magma yake, au baadhi zilinyonywa kutoka kwenye naisi iliyoipakana? Elementi hizi, kuanzia lanthani hadi luteti, zinafaa kwa swali hilo kwa sababu tabia zao zinafanana mno na hutofautiana hatua kwa hatua. Karibu zote huwa na chaji tatu chanya, na nusukipenyo ya ioni hupungua taratibu kutoka angstromu 1.160 kwa lanthani hadi 0.977 kwa luteti. Wawili tu huvunja safu: seri, inayoweza kuwa na chaji nne, na europi, inayoweza kuwa na chaji mbili na hivyo kuingia ndani ya feldspa mahali pa stronti. Magma iliyokwisha kupoteza feldspa nyingi huonyesha shimo la europi kwenye mchoro unaopanga viasi vya elementi hizi kwa mfuatano, kutoka lanthani hadi luteti. Hesabu za kila elementi hugawanywa kwanza kwa kiasi chake katika vimondo vya aina ya kondriti, ili kuondoa meno ya msumeno yanayotokana na elementi zenye namba shufwa kuwa nyingi kuliko jirani zao zenye namba witiri.

Jambo moja lilinitahadharisha tangu mwanzo. Milima hii ndiyo iliyotoa madini ya kwanza kabisa ya ruthafodini, kabonati ya urani iliyoelezwa na mwanakemia Willy Marckwald mwaka 1906 na kupewa jina la Ernest Rutherford. Pegmatiti za hapa basi zinaweza kubeba punje za madini mazito yenye urani na thori, na punje moja ya namna hiyo inaweza kuitawala sampuli nzima. Niliazima kifaa cha kupimia mionzi, nikaamua kwamba hakuna jiwe litakaloingia kwenye mfuko kabla ya kupimwa.

2 Julai 2023: Kuchukua sampuli, na kosa la kwanza

Serikali ya kijiji na mwenye leseni ya eneo walitoa ruhusa bila shida. Kwa upande wa naisi kazi ilikuwa nyepesi: nilichukua sampuli kwenye mistari miwili inayotoka mpakani, kwa umbali wa sentimita 5, sentimita 25, sentimita 50, mita 1, mita 3 na mita 8. Punje za naisi ni ndogo, kwa hiyo kilo 2 kwa kila sampuli zinatosha.

Kwenye pegmatiti nilifanya vivyo hivyo, na hapo nilikosea. Kilo 2 za mwamba ambao fuwele yake moja inazidi kilo 2 haziwakilishi kitu chochote. Niligundua hilo jioni, nilipozipanga sampuli mbili za ukanda wa pembeni zilizotoka mita moja tu kutoka kwa nyingine: moja ilikuwa na ganeti zisizohesabika, nyingine haikuwa na hata moja. Ganeti hupenda elementi nzito, za mwisho wa safu, kama iterbi na luteti. Sampuli hizo mbili zingetoa michoro miwili isiyofanana, nami ningebaki natafuta sababu ya kijiolojia kwa jambo lililosababishwa na mahali nilipopiga nyundo.

Nilirudi siku mbili baadaye na kamba yenye mafundo kila sentimita 20. Niliitandaza ukutani kama wavu, nikavunja kipande cha ukubwa unaolingana kwenye kila fundo, nikakusanya kati ya kilo 15 na 25 kwa kila ukanda. Mzigo ulishuka mlimani kwa miguu, kisha kwa bodaboda. Safari hii yote, pamoja na vibarua wawili, iligharimu shilingi 610,000.

29 Julai 2023: Kusaga

Vipande vilivunjwa kwa mashine ya taya hadi ukubwa wa kokoto ndogo. Baada ya hapo kila rundo nililigawa sehemu nne, nikatupa robo mbili zinazokabiliana, nikarudia hadi nikabaki na gramu 200. Unga ulisagwa kwenye kinu cha pete cha chuma, gramu 100 kwa mara moja. Kinu cha kabidi ya tangisteni kilikuwepo na kinasaga haraka zaidi, lakini huacha tangisteni, kobalti na tantali kwenye unga, nami nilitaka kupima tantali.

Kati ya sampuli na sampuli nilisafisha kinu kwa brashi na hewa ya mgandamizo. Niliandika daftarini mpangilio wa kusaga, kila sampuli na namba yake ya zamu, kwa mazoea tu. Ukurasa huo ndio ulioniokoa baadaye, na ninamsihi yeyote anayerudia kazi hii asiuache.

14 Oktoba 2023: Majibu ya kwanza

Sampuli 22 zilikwenda nje ya nchi kwa kibali cha mamlaka ya madini na kupimwa kwa spektromita ya masi yenye plazma, kifaa kinachohesabu atomi kwa uzito wake, baada ya kuyeyushwa kwa asidi ya hidrofloriki na asidi ya nitriki katika vyombo vya wazi. Bei ilikuwa shilingi 90,000 kwa sampuli, jumla 1,980,000. Pamoja nazo nilituma sampuli rejea ya basalti ya BHVO-2 bila kuitaja jina. Lanthani yake inayokubalika ni 15.2 na iterbi yake ni 2.0, maabara ilizipata zote mbili vizuri, nami nikaridhika mapema mno.

Majibu yalionekana kusimulia hadithi kamili. Naisi ilikuwa na jumla ya elementi adimu karibu 200, mchoro ukishuka kutoka lanthani kwenda luteti. Kitalu cha feldspa ndani ya pegmatiti kilikuwa na jumla ya 12 na ushei tu, lakini mchoro wake ulifanana na wa naisi kama mtoto na mzazi wake. Elementi nzito zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia katika miamba yote miwili, jambo ambalo vitabu hulieleza kuwa ni dalili ya ganeti kubaki nyuma mwamba ulipoyeyuka kwa sehemu. Europi, badala ya kuwa na shimo, ilikuwa na mwinuko. Nilikwisha kuandika rasimu ya kurasa sita nikieleza kwamba pegmatiti ilizaliwa papo hapo kwa kuyeyuka kwa naisi yenye ganeti, na kwamba feldspa ilirundikana ndani yake.

Mambo yote matatu yalikuwa na kasoro, na kila moja kwa sababu yake. Nitayaeleza kwa mfuatano nilioyagundua.

11 Novemba 2023: Uchafu wa kinu

Mvua za vuli mwaka huu zimekuwa kubwa kupita kawaida na njia ya mlimani haipitiki, kwa hiyo nilikaa na takwimu. Nilichora jumla ya elementi adimu ya sampuli za pegmatiti dhidi ya zamu yake ya kusagwa. Kila sampuli ya pegmatiti iliyosagwa mara tu baada ya naisi ilikuwa juu. Iliyofuata ilikuwa chini. Ya tatu chini zaidi. Hakuna mwamba unaojua zamu yake kwenye kinu.

Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa kinu kinabakiza gramu 3 za unga wa naisi na gramu 100 za pegmatiti zikaingia juu yake, basi takriban asilimia 3 ya sampuli mpya ni naisi. Asilimia 3 ya 204 ni 6.1. Pegmatiti yenyewe, kama ilivyokuja kuthibitika, ina kama 6.5. Kwa maneno mengine, nusu ya nilichokuwa nakipima kilikuwa mabaki ya brashi, na mfanano ule wa mtoto na mzazi ulitokana na mzazi kuchanganywa na mtoto.

Titani ilitoa ushahidi wa pili. Naisi ina oksidi ya titani asilimia 0.80. Sampuli ya kitalu cha feldspa iliyofuata naisi ilikuwa na asilimia 0.035, lakini ile iliyosagwa ya tatu ilikuwa na 0.011 tu. Tofauti, yaani 0.024, ni asilimia 3 kamili ya 0.80. Elementi mbili za tabia tofauti zikitoa jibu moja, sikuwa na haja ya kubishana tena.

20 Januari 2024: Mchanga, na kosa lililozaliwa na dawa

Nilikodi kinu cha akiki, kigumu na safi, ingawa kinasaga polepole mno, na nikapanga kusaga pegmatiti zote kwanza, naisi zote mwisho. Kati ya sampuli na sampuli nilisaga gramu 50 za mchanga mweupe wa mtoni ulioshwa vizuri, kisha nikautupa. Kusafisha kinu kwa mchanga ni desturi ya maabara nyingi, na mchanga niliokuwa nao ulikuwa mweupe kama chumvi.

Kabla ya kutuma chochote nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwaka uliopita: nilituma sampuli tupu, yaani kwatzi safi iliyosagwa baada ya mchanga ule. Ilirudi na seri na thori nyingi kuliko pegmatiti yangu. Mchanga wa mto unaoshuka kutoka kwenye naisi umebeba madini mazito ya naisi hiyo hiyo, na weupe wake hausemi lolote kuhusu punje chache za monaziti zilizomo. Monaziti ni fosfati ambayo takriban nusu ya uzito wake ni elementi adimu. Punje yake moja ya miligramu 1, isiyofika milimita moja kwa upana, ikisagwa ndani ya gramu 100 za unga inaongeza sehemu 5 kwa milioni. Mwamba wangu wote una 6.5.

Suluhisho lilikuwa limelala katikati ya pegmatiti yenyewe: jiwe jeupe lisilo na mnunuzi. Nilibeba kilo 12 za kwatzi ya kiini, nikaiosha kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, nikavunja na kuchagua vipande visivyo na doa kwa mkono. Nilipoituma kama sampuli tupu, jumla yake ilikuwa chini ya 0.3. Tangu hapo nasaga kwatzi hiyo mara mbili kati ya sampuli na sampuli, na unga wa mara ya pili nauhifadhi, ili ikitokea shaka niweze kuupima. Siku 12 za kukodi kinu cha akiki ziligharimu shilingi 360,000. Safari ya pili mlimani, kwa ajili ya kwatzi na sampuli za nyongeza, shilingi 480,000.

9 Machi 2024: Zirkoni na ganeti zisizoyeyuka

Upungufu wa elementi nzito ulikuwa bado umesimama, na kwa muda nilidhani huo angalau ni wa kweli. Kilichonishtua ni elementi nyingine kabisa, zirkoni, ambayo jina lake ni moja na la madini yanayoibeba: elementi hiyo kwenye naisi ilikuwa 60 tu, ilhali chini ya hadubini vipande vyembamba vinaonyesha fuwele za madini ya zirkoni kila mahali, nyingi zikiwa ndani ya ulanga mweusi na kuzungukwa na duara jeusi la mionzi.

Asidi ya hidrofloriki katika chombo cha wazi humaliza feldspa na ulanga bila taabu, lakini madini ya zirkoni huyagusa kidogo sana, na ganeti hubaki nusu. Zaidi ya hapo, floridi za kalisi na alumini zinazojitokeza chini ya chombo hushika elementi adimu na kuzizuia zisirudi kwenye mmumunyo. Kinachopotea si sawa kwa zote, kwa kuwa zirkoni na ganeti ndizo ghala za elementi nzito. Basalti yangu ya rejea haikuwa na uwezo wa kunionya, kwa sababu basalti haina madini ya zirkoni ya kutajwa na huyeyuka yote. Nilimpima mtahiniwa kwa mtihani asioweza kuufeli. Sasa natuma pia GSP-2, sampuli rejea ya granodioriti, mwamba wa jamii ya itale, yenye elementi ya zirkoni karibu 550, ambayo humfichua mara moja mtu aliyeyeyusha nusu.

Sampuli zilezile zilirudiwa kwa kuyeyushwa na metaborati ya lithi, chumvi inayoyeyusha hata madini sugu, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Zirkoni ya naisi ilipanda kutoka 60 hadi 240. Iterbi ilipanda kutoka 1.7 hadi 3.1, na lanthani ilibaki 42. Uwiano wa lanthani kwa iterbi, baada ya kugawanywa kwa kondriti, ulishuka kutoka karibu 17 hadi 9. Kwenye ukanda wa pembeni wa pegmatiti mabadiliko yalikuwa makali zaidi: iterbi kutoka 0.12 hadi 0.55, na uwiano kutoka 17 hadi chini ya 4. Ganeti niliyoiandika kwenye rasimu kuwa ilibaki nyuma kilomita kadhaa chini ya ardhi ilikuwa imebaki chini ya chombo cha maabara.

Njia ya kuyeyusha kwa metaborati nayo ina gharama yake. Chumvi nyingi hulazimu mmumunyo uzimuliwe, na kwa sampuli maskini kabisa thuli na luteti huangukia karibu na kikomo cha upimaji. Kwa sampuli tisa za kitalu cha feldspa na kiini tulitumia njia ya tatu: asidi zilezile, lakini ndani ya vyombo vilivyofungwa vinavyohimili shinikizo, kwa nyuzi 190 na saa 72, na mmumunyo kukaushwa tena kwa asidi ya nitriki ili kuvunja floridi. Ni polepole, lakini zirkoni zilizomo zilikwisha, na hilo lilithibitishwa kwa kuilinganisha na metaborati kwenye sampuli mbili.

25 Mei 2024: Europi iliyokuwa bari

Mwinuko wa europi ndio uliokuwa mgumu kuutilia shaka, kwa sababu ulikuwa na maelezo mazuri. Feldspa hushika europi. Sampuli ni ya kitalu cha feldspa. Basi mwinuko ni halali. Mantiki hiyo ni sahihi mahali pengi, na ndiyo maana ilinichelewesha.

Europi ina isotopu mbili tu za asili, yaani aina mbili za atomi zenye uzito tofauti, 151 na 153. Bari inayopita kwenye plazma huungana kwa kiasi kidogo na oksijeni: bari 135 ikibeba oksijeni 16 huwa na uzito wa 151, na bari 137 huwa na uzito wa 153. Spektromita huhesabu uzito, haiulizi jina. Kwa kawaida maabara hupima kiwango cha muungano huo na kutoa ziada. Safari hii kiwango kilipimwa asubuhi, na plazma ilikuwa imebadilika kufikia mchana sampuli zangu zilipopita.

Niliomba takwimu za isotopu zote mbili kila moja peke yake. Kwa sampuli yenye bari 800, europi kwa isotopu ya 151 ilikuwa 0.18, na kwa ya 153 ilikuwa 0.25. Elementi moja haiwezi kuwa na viasi viwili. Ikiwa sehemu moja katika elfu ya bari inakuwa oksidi, ziada inayotarajiwa ni 0.12 kwenye 151 na 0.19 kwenye 153. Ukiitoa, isotopu zote mbili zinakubaliana kwenye 0.06. Samari ya sampuli hiyo ni 0.35 na gadolini 0.40, hivyo europi ambayo ingekaa kwenye mstari kati yao ni 0.12. Kipimo cha 0.25 kinatoa mwinuko wa mara mbili. Kipimo cha 0.06 kinatoa shimo la nusu. Alama yote imegeuka kutoka juu kwenda chini, na maana yake ya kijiolojia imegeuka pia: hii si feldspa iliyorundikana, ni magma iliyofika hapa ikiwa imekwisha kuiacha feldspa nyingi mahali pengine.

Maabara ilikubali kurudia, ikipitisha mmumunyo wa bari tupu kila baada ya sampuli kumi. Fuwele mbili kubwa za feldspa nilizozichagua kwa mkono zilibaki na mwinuko hata baada ya marekebisho, na huo nauamini. Sampuli nyingine zote za kitalu zina shimo.

13 Julai 2024: Ukuta wa naisi

Sasa ndipo swali la kwanza linaweza kuulizwa kwa haki. Kwenye mstari wa kwanza, naisi iliyo sentimita 5 kutoka mpakani imebadilika hata kwa macho: ulanga mweusi umegeuka mweupe na ganeti zimevaa gome la kijani. Oksidi ya titani imeshuka kutoka asilimia 0.80 hadi 0.74, na zirkoni kutoka 240 hadi 222. Elementi hizi mbili hazisafiri kirahisi na maji ya moto, na zote zimeshuka kwa kiwango kilekile. Tafsiri iliyo rahisi ni kwamba mwamba uliongezewa vitu vingine, uzito wake ukapanda kama asilimia 8, na hizi zikazimuliwa.

Lanthani ya hapo ni 29. Ukiirekebisha kwa ongezeko hilo la uzito unapata 31, dhidi ya 42 ya mbali. Robo ya lanthani imeondoka. Seri na neodimi zimefanya hivyo karibu kwa kiasi hichohicho. Iterbi, 2.85, ikirekebishwa inarudi 3.1, haikuondoka kitu. Kwa hiyo waliohama ni wepesi peke yao, na mlinganisho wa vipande vyembamba unaonyesha monaziti zilizoliwa kingo karibu na mpaka, ilhali zirkoni zimekaa zilivyokuwa.

Kabla ya kuyaamini hayo nilihitaji kujua naisi hubadilika kiasi gani bila pegmatiti yoyote. Sampuli tano za nyongeza, zote za mbali, zilitoa lanthani kati ya 36 na 47. Thamani ya 31 iko nje ya wigo huo, ingawa si kwa mbali. Mstari wa pili, upande wa pili wa pegmatiti, haukuonyesha upungufu wowote. Huko ulanga mweusi haujageuka pia, nadhani kwa sababu tabaka za naisi ziko sambamba na mpaka na maji hayakupata njia ya kupenya.

Hesabu iliyonikosesha usingizi ni hii. Elementi nyepesi zilizopotea kwenye sentimita 20 za kwanza ni wastani wa karibu 30. Kama pande zote mbili zingepoteza hivyo na vyote vikaingia kwenye pegmatiti ya mita 4, ingeongezewa 3. Kwa upande mmoja tu ni 1.5. Katika mwamba wenye jumla ya 6.5, hiyo si ndogo: inaweza kufika karibu robo ya elementi zake zote adimu. Na ziada iliyoletwa na kinu kichafu ilikuwa 6. Alama ninayoitafuta ni ndogo kuliko uchafu niliouleta mwenyewe, na zote mbili zinatoka kwenye mwamba uleule. Kinachozitenganisha ni kwamba maji ya moto hubeba lanthani na kuacha titani na zirkoni, ilhali kinu hubeba vyote.

Kwa sampuli safi, titani ya ukanda wa pembeni haijapanda kuelekea mpakani, lakini lanthani imepanda kwenye upande wa mstari wa kwanza na haijapanda kwenye upande wa pili. Hilo ndilo jibu nililonalo: kunyonya kulikuwepo, kwa upande mmoja, kwa elementi nyepesi, na kwa kiasi kisichobadilisha asili ya magma.

7 Septemba 2024: Hesabu na kilichobaki

Gharama yote hadi leo ni shilingi 7,670,000: safari mbili 1,090,000, upimaji wa kwanza 1,980,000, upimaji wa pili, sampuli 30 kwa 115,000 kila moja, 3,450,000, vipande vyembamba kumi 250,000, kinu 360,000, vibali na usafirishaji 540,000. Anayeanza leo anaweza kuuruka upimaji wa kwanza wote, mradi atume mapema sampuli tupu ya kwatzi yake na rejea yenye zirkoni, na adai isotopu mbili za europi tangu siku ya kwanza.

Rasimu ya kurasa sita nimeiweka kando. Kwenye michoro mipya kuna mikunjo midogo ya makundi ya elementi nne nne, ile inayoonekana kwenye magma zilizokomaa sana zenye maji na florini, lakini kundi la mwisho linategemea thuli na luteti zilizo karibu na kikomo cha upimaji, kwa hiyo siidai.

Wiki ijayo naanza kutenga monaziti kutoka kwenye naisi ya sentimita 5 na ya mita 8, kwa chekeche, sahani ya maji na sumaku, ili kingo zilizoliwa zipimwe zenyewe. Unga wa kwatzi wa mara ya pili, chupa 30, uko kabatini ukiwa na namba zake za zamu.